Nimekwenda Rombo kupima presha za watu

Leo nimekuwa mgonjwa kwenye utafiti wangu mwenyewe.

Tulikuwa mjini Mkuu, hukohuko Rombo, tunapima presha za wakulima kwa ajili ya utafiti wa chuo. Mkulima mmoja, Bibi Ndeshi, akagoma.

"Jipime wewe kwanza, mjukuu wangu, nione kama haiumi."

Nikajipima huku nacheka.

Presha iko juu. Nikatulia, nikarudia. Bado iko juu.

Jamani, mimi sijafika hata miaka thelathini!

Bibi akanishika mkono. "Usiogope, mama. Bora umejua." Kisha akakunja mkono wa gauni. "Haya, nipime na mimi."

Yake iko sawa kabisa.

Kesho naenda kliniki. Bibi amechukua namba yangu, anasema atanipigia kuhakikisha nimefika.

Nyie mlipima lini?