Miaka Minane ya Dada Adelfina

Mama alipomuuliza dada yangu Adelfina hicho chuo kikuu anachosoma kiko wapi, dada alimjibu bila kucheka, "Kiko ndani ya bahasha, mama." Mama akamtazama sana, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Ilikuwa mwaka 1995, nyumbani kwetu Mabawe. Mwaka mmoja nyuma Wanyarwanda walikuwa wamevuka daraja la Rusumo, mpakani, kwa maelfu, na wilaya yetu ya Ngara ikajaa kambi, malori na magari meupe ya mashirika. Adelfina alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa shule ya msingi, daraja la tatu A. Alipomaliza kidato cha nne alitamani kuendelea na masomo, lakini baba alifariki mwaka uleule. Tulibaki watoto watano na mama, na ualimu ndiyo njia iliyokuwa karibu. Mimi ni kitinda mimba. Sare zangu zote za shule alinishonea yeye.

Halmashauri ilimwazima kwa shirika lililokuwa likiendesha madarasa ya watu wazima kambini, maana Kihangaza chetu na lugha ya wale wageni zinasikilizana. Akapanga chumba mwendo wa nusu saa kutoka kambini, na mimi, niliyekuwa nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani tu, nikaenda kukaa naye na kumpikia.

Siku za kwanza alirudi amenuna. Alikuwa amefundisha watoto miaka kumi, lakini mbele ya akina mama wa miaka hamsini alijiona hajui kitu. "Wananisikiliza kwa heshima, Petronila," aliniambia, "lakini ninachowafundisha hakiwaingii. Hawa si watoto. Mtu amepoteza nyumba yake, anakuja kwangu kujifunza kuandika jina. Nianzie wapi?"

Redioni akasikia kwamba kipo chuo kikuu kinachomfundisha mtu akiwa palepale alipo, na kwamba asiye na kidato cha sita anaweza kufanya mtihani wa kuingilia. Akaufanya, akafaulu. Ndipo akafunga safari ya Bukoba, kwenye ofisi ya chuo, kuchagua masomo, na safari hiyo amenisimulia mara nyingi hadi naona kama nilikuwepo.

Mshauri wa wanafunzi aliitwa Renatus, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu, unataka shahada ya nini?"

"Nataka kujua jinsi ya kufundisha watu wazima. Halafu nataka kusoma lugha, kwa sababu wanafunzi wangu wanaongea hivi na kuandika vile. Na nataka kujua mambo ya jamii, watu wanaishije wakishahamishwa kwao."

Mzee Renatus akavua miwani. "Hayo ni mambo ya idara tatu."

"Basi nitarudi nyumbani, mzee."

"Sijasema urudi." Akachukua karatasi safi, akachora mistari. Upande mmoja akaandika masomo ya lazima, upande wa pili akaacha wazi. "Huku unajaza mwenyewe, mradi kila somo uniambie unalitakia nini. Ukiweza mawili kwa mwaka, chukua mawili. Ukiuguza mtu, simama, kisha uendelee. Una miaka minane. Ila takwimu, mwalimu, hiyo huwezi kuikwepa."

Alirudi na ile karatasi ameikunja ndani ya Biblia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye ofisi kumuuliza anataka nini.

Takwimu ikamshinda. Vitabu vilikuja kwa basi, katika bahasha za kaki zenye vumbi, na kile cha takwimu alikifungua na kukifunga kama mtu anayechungulia shimo. Aliyemwokoa ni Josiane. Alikuwa mkimbizi waliyefahamiana kambini, mwalimu wa hesabu kwao, mwembamba, anayeongea polepole kama anayepima kila neno. Mume wake alipotea njiani. Alikuwa na binti wa mwaka mmoja, Ishimwe, ambaye nilimzoea kuliko watoto wa ndugu zangu.

Kila Jumamosi asubuhi Josiane alikuja chumbani kwetu. Alimwaga maharage kwenye ungo, akamwambia dada ayachambue kwa ukubwa na rangi, ayahesabu, kisha amwambie harage la kawaida ni lipi. "Wastani si harage lolote humu," alisema. "Ukilitafuta hulipati. Lakini bila hilo huwezi kuujua ungo wako." Mimi nilikaa kando na sufuria ya maji yanayochemka, kwa sababu sikuruhusiwa kupika maharage yale mpaka wamalize. Siku nyingine tulikula saa tisa alasiri. Ishimwe alikuwa akiiba moja moja na kuharibu hesabu, nao wakaanza upya wakicheka. Nimekula vyakula vizuri zaidi baadaye, lakini hamu yangu hunirudisha kwenye maharage yale ya kuchelewa.

Mtihani wa takwimu ulipangwa Desemba 1996. Adelfina alikuwa tayari. Alikuwa amefikia kunifundisha hata mimi. Kisha ikatangazwa kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa siku kadhaa watu walikimbilia mashariki, porini, halafu wakageuzwa, na barabara ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo, watu wakitembea kuelekea Rusumo na magodoro, masufuria na wazee mgongoni.

Asubuhi ambayo dada alipaswa kusafiri, Josiane alisimama mlangoni na furushi kichwani na mtoto mkononi.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Mtihani wako?"

"Basi halijaja. Hata likija halina pa kupita." Adelfina akachukua kitenge, akamfunga Ishimwe mgongoni mwake. "Twende. Nitakusindikiza."

"Na mtihani?"

"Upo hata mwakani."

"Mwakani nani atakusumbua na maharage?"

Dada akatangulia barabarani. Alirudi kesho yake jioni, miguu imevimba. Askari walimzuia kabla ya daraja, akamfungua mtoto na kumkabidhi mama yake katikati ya umati, na hapo hapo hakuwaona tena. Alilala siku mbili. Kisha akaandika barua Bukoba kueleza kwa nini hakufika, akiamini ameshafutwa. Jibu la Mzee Renatus lilikuwa mistari miwili: pole kwa safari, na tarehe ya mtihani wa mwaka uliofuata.

Akaenda. Siku hizo mabasi yalipita msitu wa Biharamulo kwa msafara, askari wenye bunduki mbele na nyuma, kwa kuogopa majambazi. Alifaulu takwimu kwa daraja la B. Mwaka 1999 alisimama kumuuguza mama, mpaka mama akapata nafuu. Wanyarwanda walikuwa wameondoka, lakini wakimbizi wa Burundi walikuwa bado kambini, na madarasa yake yaliendelea. Mara nyingi aliandika kazi za chuo kuhusu wanafunzi wake hao hao, akizisoma kwa sauti mbele yao wamsahihishe.

Mwaka 2003, mwaka wa nane, alimaliza. Mwalimu mwenzake, Nyanda, alimuuliza shahada hiyo ni ya nini hasa. "Ya watu wangu," alisema. Akapelekwa Kaniha, wilaya ya Biharamulo, kufungua madarasa ya watu wazima. Akajenga huko, akastaafu mwaka jana.

Kutoka kwa Josiane ilikuja barua moja tu, mwaka 1998. Alikuwa anafundisha, na amepata nafasi ya chuo kikuu. "Wamenipa orodha ya masomo," aliandika, "haina mahali pa kuchagua. Nimekukumbuka." Ishimwe alikuwa mzima. Dada alijibu mara tatu, lakini hakuna barua nyingine iliyokuja.

Nilipomtembelea Kaniha baada ya kustaafu, nilimuuliza kama asingependa kusoma miaka mitatu moja kwa moja, akiwa binti, kama wengine.

Alifikiri. "Ningemaliza mapema, ningepata cheo," alisema. "Lakini Josiane ningemjulia wapi?"

Kisha akaniuliza kama nalikumbuka jina la kijiji alichotoka Josiane. Sikulikumbuka, naye pia lilikuwa limempotea. Akasema kesho ataitafuta ile barua.