Stoo Ndani ya Kadi ya Picha

Mchora ramani za nyumba huyu aliitwa Kwanini, jina alilobandikwa na dada yake tangu alipoifungua pasi aone moto unalala wapi. Sasa ni mtu mzima, kipara kimeshapiga hodi, lakini bado anaishi kwa dada, chumba cha mbele, na kompyuta kuukuu iliyomeza meza nzima. Dada aliitaka meza hiyo aweke cherehani.

"Leo ukinionyesha ramani ya nyumba yangu nitakayojenga bila hicho kisanduku kukwama, kinabaki," alisema asubuhi. "Kikikwama, kinalala nje."

Alimaanisha. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na nafasi ya kuongeza nyingine hakuna. Ramani ikinenepa, mzigo unaozidi hupelekwa kwenye diski, na diski ilijikokota kama karani anayesubiri kustaafu.

Kwanini akawaza. Mle ndani ya kompyuta mna kadi ya picha, ile inayotengeneza picha nzito za skrini, aliyoiacha mpwa wao aliyekuwa akicheza michezo ya vita kabla hajaoa. Kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, tele. Yeye anachora mistari tu. Sasa hiyo kadi inafanya nini kutwa, zaidi ya kupuliza feni na kula umeme kama shemeji aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka?

Akasoma huku na kule, akaandika amri, akaigeuza kumbukumbu ya kadi kuwa stoo: mzigo ukizidi, uende huko badala ya kwenye diski. Aliichukua yote, hakubakiza hata kona. Ramani ikafunguka laini kama siagi.

Dada akavuta kiti. "Haya, nataka nisimame jikoni kwangu."

Kwanini akabofya pale ramani inapogeuka nyumba ya kutembelea. Skrini ikaganda. Kusimamisha kuta ni kazi ya kadi, na kadi haikuwa na pa kuweka hata tofali moja.

"Imekwama," dada alisema, akijitahidi kusikitika.

"Haijakwama, dada. Nimemnyima mwenye nyumba kitanda."

"Ndiyo umeanza kuugua hivyo?"

"Nipe muda wa chai."

"Kikombe kimoja. Na ninakinywa kikiwa moto."

Akaizima kompyuta, akaiwasha, safari hii akaiachia kadi nusu ya kumbukumbu yake. Dada alikuwa anapuliza chai bila kuinywa, macho kwenye skrini. Udadisi ulikuwa ugonjwa wa ukoo mzima. Kuta zikainuka taratibu, kisha dirisha, sinki, mlango.

"Huo mlango unatokea wapi?"

"Chooni."

"Kutoka jikoni kwangu?"

"Mabomba yanakaa karibu, dada."

"Wewe ulisomea wapi ukatili huu?" Akamsukuma kwa bega, akashika kipanya mwenyewe, akaingia chooni, akatoka, akaingia tena. Chai ilishapoa.

Kwanini akasimama, akaanza kutoka.

"Unakwenda wapi? Kaa hapa. Cherehani nitaiweka chumbani kwangu," alisema bila kugeuka. "Huu ukuta unasukumwaje?"