Msafara Uliogoma Kuvuka Lualaba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilizaliwa nazo, na mama alikuwa akisema nililia kwa ghadhabu kabla sijajua kulia kwa njaa. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini mwaka wangu wa tatu wa ualimu, katika shule ya misheni kwenye kambi ya wachimbaji pale Kolwezi, nusura uwe wa mwisho.

Siku zile za Wabelgiji, mwalimu mpya hakuhesabiwa mwalimu kamili mpaka padri mkaguzi amthibitishe. Mimi alikuwa amenikataa mara mbili. Ripoti yake ya pili ilisema kwamba ninakijua ninachofundisha, ila ninapiga kelele mno. Mkuu wa shule hakunificha: nikishindwa tena, nitapelekwa shule ya porini kwenye njia ya Musumba, na nyumba ya kambini nitairudisha. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Hospitali ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwetu. Huko porini ilikuwa safari ya siku mbili, tena kama mto haujajaa.

"Tata," mke wangu aliniambia asubuhi ya ukaguzi, akiniita baba kama ilivyo desturi kwetu, "leo ile kinywa yako iache hapa ku nyumba. Mi nitakuchungia."

Nilicheka, nikachukua filimbi na beseni lake, nikatoka.

Somo lilikuwa historia: ule msafara wa Wazungu uliotoka pwani ya mashariki kwa miguu, ukavuka ziwa Tanganyika, ukaja mpaka huku kwetu kutafuta shaba. Kitabu cha Kifaransa kiliupa kurasa mbili na picha moja. Mbele kabisa alisimama Mzungu mwenye ndevu akinyoosha kidole kwenye vilima. Nyuma yake mstari wa watu weusi wenye mizigo vichwani, wadogo hata huwezi kuona kama wana macho. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili watoto walisinzia. Safari hii niliamua waitembee.

Basi nikachora Afrika uwanjani kwa majivu. Bahari ilikuwa kwenye bomba la maji, Tanganyika kwenye mtaro, Lualaba karibu na mlango wa darasa, na vilima vya shaba vikaangukia ofisi ya mkuu wa shule. Watoto walifunga mizigo ya matofali na matambara. Mmoja alibeba beseni la mke wangu, kwa kuwa kitabu kilisema mkuu wa msafara alisafiri na bafu lake. Mdogo kuliko wote ndiye aliyekuwa Mzungu, amekaa kwenye kipoyi, kile kiti cha kubebwa mabegani, na bendera mkononi. Mrefu kuliko wote, mtoto wa dereva wa mgodini, nilimfanya kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji.

Padri mkaguzi aliketi kwenye kiti kivulini, daftari gotini. Nikapuliza filimbi. Wakaenda vizuri, wakiimba. Wakavuka mtaro, wakapita majani ya ng'ambo yake. Nikaanza kupumua. Walipofika Lualaba, kapita akainua mkono, akatua mzigo wake chini, na mstari mzima ukasimama.

"Kuna nini?" nikauliza kwa upole ambao ulinigharimu.

"Mwalimu, poso hatuyapata."

Lazima nieleze. Kambini kwetu, poso ilitolewa kila Jumamosi: unga, maharage, samaki wakavu, mafuta ya mawese, chumvi. Mama zao walipanga foleni na mabeseni, kapita akaita namba, kila nyumba ikapata fungu lake. Watoto wale hawakuwahi kuona watu wakipelekwa kazini bila poso. Baba zao wangeweza kuvumilia mengine, lakini poso ikichelewa, hakuna aliyeshika koleo. Kwa hiyo hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanaigiza kazi kama wanavyoijua, na kazi kama wanavyoijua ilikuwa imekosewa.

Padri akainua kalamu.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na maneno tayari, makubwa, yale ambayo majirani wa shule waliyajua vizuri. Niliyameza. Nayakumbuka mpaka leo yakishuka kooni kama mifupa.

"Unataka poso ya siku ngapi?" nikamuuliza.

"Kutoka bahari mpaka hapa ni siku ngapi?"

"Miezi. Mingi."

Watoto wakatazamana. Mmoja akasema tufungue mizigo tuone kuna nini ndani. Tukaifungua mmoja mmoja, nami nikawatajia kilichoandikwa kitabuni: hema, risasi, vitambaa, shanga, divai, bafu. Unga haukuwamo.

"Sasa bale batu balikuwa banakula nini?" akauliza aliyebeba bafu.

"Ku bijiji bya njiani," mwenzake akamjibu. "Banakuta mama anapika bukari, banakamata." Bukari ndiyo ugali wetu.

"Na ule mama, batoto bake banakula nini?"

Hapo sikuwa na jibu, na niliona haya. Maana chini ya ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba msafara ulifika wakati wa njaa, na wabebaji wengi wakafa. Miaka miwili nilikuwa nimeuruka. Haukuulizwa katika mtihani. Nilikifungua kitabu nikawasomea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, polepole, mbele ya padri yule aliyekuwa na maisha yangu mkononi. Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Nikawaambia watoto kwamba wale hata nafasi ya kuvunja mwiko hawakuipata, walianguka tu njiani na mzigo ukapewa mwingine.

Wote wakaisukuma mizigo kando. Mzungu wetu mdogo akashuka kwenye kipoyi bila kuambiwa. Akasema yeye anaweza kutembea.

Padri akainuka. Alikuwa mzee mnene, Kiswahili chake cha miaka mingi. Akaja mpaka kwenye majivu ya Lualaba, akamtazama mtoto wa dereva kutoka juu.

"Sasa, kapita, mutafanya nini?"

Mtoto alifikiri. Nilimwombea kimya kimya aseme wataendelea, wavuke, wafike ofisini kwa mkuu wa shule, bendera isimame, tumalize.

"Tutabakia hapa, Patri. Tutalima kwanza. Tukisha kuvuna, njo tutavuka."

Kengele ikalia. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wameshaanza kubishana: wapande mahindi au mihogo, nani alinde shamba, na kama Mzungu naye apewe jembe. Wengi walikubali apewe, naye mwenyewe akakubali. Padri aliandika kwa muda mrefu, akafunga daftari, akaenda zake bila kunitazama. Nilirudi nyumbani na beseni. Nikamwambia mke wangu aanze kufunga vyombo.

Wiki ile sikulala vizuri. Ijumaa mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi, naye aliisoma kwa sauti ya mtu asiyeamini macho yake.

"Msafara haukufika. Somo halikwisha. Mwalimu aliulizwa asichokijua, na hakupiga kelele. Athibitishwe."

Nililia palepale. Mkuu wa shule akainuka, akafunga dirisha ili watoto wasinione.