Hapa ni Wapi

Wifi yangu kazi yake ni kuwaambia watu wamekosea. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani namsengenya, maana mawifi tunajulikana. Lakini ndiyo kazi anayolipwa. Kampuni yake inatengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na ndani ya lugha hiyo kuna kitu kinaitwa kompaila, ambacho husoma alichoandika mtu na kukigeuza kiwe kazi ya mashine. Kompaila ikikuta kasoro inagoma. Sasa ikigoma lazima iseme imegomea nini, na maneno hayo ndiyo anayoyaandika wifi.

Ofisi yao iko juu ya duka la magodoro. Meza yake imebanwa ukutani karibu na mashine ya kuchapisha, na pembeni pana kiti kimoja kitupu. Kiti hicho usikikalie ukiwa na haraka zako. Anamkamata mwandishi wa programu yeyote anayepita, anamkalisha, anamwekea programu mbovu, kisha ananyamaza na kumtazama usoni. Hasaidii. Mtu akikunja uso tu, ujumbe ule anaufuta na kuuandika upya. Ofisini wanamwita Mama Mabano, kwa sababu kila anayekwama humuuliza kwanza kama alifunga mabano yake. Siku moja nilipiga simu pale nikaomba wifi; wakaniambia intaneti yao iko sawa, labda tatizo liko kwangu.

Mimi ninauza vitambaa, kompyuta naifahamu kwa kuipita njiani, lakini kiti kile nimekikalia. Ndipo aliponieleza makosa mawili yanayomlia muda kuliko mengine. La kwanza ni la sintaksia, yaani mpangilio: umefungua mabano hukuyafunga, umeanza sentensi hukuimaliza, kompaila haijui hata ulitaka nini. La pili ni la sifa. Hapo mpangilio ni mzuri, ila umekiuliza kitu jambo ambalo hakina.

"Ni kama kuliuliza kabati lako lina watoto wangapi, wifi," aliniambia. "Swali halina kasoro. Kabati ndilo halina watoto."

Alichojivunia kuliko vyote ni kishale. Ujumbe ulikuwa unasema "Kosa hapa", na chini ya mstari wenye kasoro kinatokea kishale chekundu kinachoelekea kwenye herufi yenyewe. Waandishi wa programu walikipenda mno. Walimwandikia kumshukuru, naye akawa anatembea ameinua shingo, na haki alikuwa nayo.

Sasa nije kwa kaka yangu, mume wake. Huyu naye aliandika programu, tena kwa lugha ileile, katika ofisi inayotengeneza mifumo ya maduka ya dawa. Presha ya macho ikamnyang'anya nuru kidogo kidogo, halafu yote. Miezi ile sitaki kuieleza. Alijifunza kutembea na fimbo, akajifunza kumimina chai bila kujiunguza, akajifunza kutumia programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Lakini kazi yake hakuigusa tena. Mkurugenzi wake, mama mmoja mwenye moyo mzuri na subira fupi, alimshikia nafasi kwa muda mrefu, kisha akapiga simu: mwisho wa mwezi aje akae na kompyuta bila mtu wa kumsomea. Akiweza, meza yake ipo. Asipoweza, wataagana kwa heshima. Kaka alikata simu akasema hiyo heshima wakae nayo wenyewe.

Jumamosi iliyofuata akaketi sebuleni, kompyuta mapajani. Mimi nilikuwa karibu, najifanya nakunja nguo. Akaandika, akabonyeza, sauti ikasema: "Kosa hapa." Ikanyamaza. Kisha ikasema: "Kishale." Akabonyeza tena. "Kosa hapa. Kishale."

"Hapa wapi?" kaka akauliza.

Wifi akainama begani kwake. "Mstari wa nne, mwishoni. Mabano."

"Leo upo," kaka akamwambia. "Siku hiyo nitakuita utokee wapi?"

Akarekebisha, akabonyeza. Sauti ikasema: "Kitu hiki hakina sifa hii. Kishale." Kitu kipi, sifa ipi? Vyote vilikuwa vimepigiwa mistari myekundu kwenye skrini, na sauti haina rangi. Kaka akaifunga kompyuta polepole. Angeitupa ukutani ningeumia kidogo kuliko vile. Akaenda chumbani, mchana kweupe, akafunga mlango.

Mimi sina breki mdomoni. Nikamtolea uvivu wifi. "Si ndiyo maneno yako haya? Miaka yote unaandika hapa, hapa, na nyumbani kwako kuna mtu hajui hapa ni wapi."

Nilitegemea anirudishie, maana naye kwa maneno si haba. Badala yake alikaa ameshika tama, anaitazama kompyuta iliyofungwa. "Wote niliowakalisha kwenye kile kiti walikuwa na macho," akasema. "Sikuwahi kufikiria." Nikamwonea huruma, ila sikumwambia.

Jumatatu alizima skrini yake ofisini, akavaa visikilizi, akaanza kuusikiliza ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hapa. Hiki. Hii. Pale. Kufikia saa ya chakula kichwa kilikuwa kinamgonga, akaenda kwa bosi wake kusema anataka kuandika upya kila kitu. Bosi akamkumbusha kwamba watu wanakipenda kishale, na ujumbe ukirefuka watalalamika. Akamjibu kishale kibaki palepale kilipo, yeye anaongeza maneno. Bosi akasema haya, lakini toleo jipya lisichelewe.

Akaandika, akasikiliza, akaelewa kila neno, na hapo ndipo penye shida: alielewa kwa kuwa kasoro zenyewe alishaziona kwa macho. Alihitaji masikio ya mtu mwingine. Akamwomba kaka, kaka akakataa kata kata.

"Mimi si wa kuonewa huruma na ofisi yenu," alisema.

"Huruma ipi?" wifi akamjibu. "Kazi imenishinda, bwana. Nataka mtu wa kuniambia nimeandika upuuzi."

"Kukwambia umeandika upuuzi," kaka akasema, "hiyo naiweza." Tukacheka wote watatu. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo mle ndani.

Ikawa kila jioni wako kwenye meza ya kulia, na kaka hakumhurumia hata chembe. "Refu mno. Nikifika mwisho nimesahau mwanzo." Unaofuata: "'Samahani, inaonekana kwamba.' Inaonekana kwa nani? Toa." Mwingine: "Huu umeandika kama unaongea na mtoto." Huo ulimkera wifi, akabeba kikombe cha kaka akakiweka upande wa pili wa meza, na kwa mtu asiyeona kumhamishia kikombe ni kutangaza vita. Waligombana mpaka nikaaga. Kesho yake jioni nikawakuta palepale, kikombe kimerudi mahali pake.

Siku moja kaka akasema jambo lililomsimamisha wifi kuandika. "Unanitajia kosa kabla hujaniambia liko wapi. Nitajie mahali kwanza. Nikishafika pale, ndipo akili inatulia kusikiliza." Wifi hakuwahi kufikiri juu ya mpangilio huo, kwa sababu jicho hujitafutia mahali lenyewe. Akageuza kila kitu. Ujumbe wa mabano ukawa: "Mstari wa nne. Mabano yaliyofunguliwa baada ya 'jumla' hayajafungwa." Na ule wa sifa, ule wa kabati na watoto, ukawa: "Mstari wa tisa. Umeomba 'uzito' kutoka kwa 'mteja'. Mteja ana jina, umri na simu. Hana uzito."

Nikasema huyo mteja ana bahati yake. Wakanifukuza mezani.

Ujumbe ulikuwa mwingi, siku zikawa chache. Siku ya kwenda kwa mkurugenzi ilipofika toleo jipya lilikuwa limeshatoka, na bado kulikuwa na ujumbe ambao hawajaugusa, na wifi aliliwaza hilo njia nzima. Kaka alikuwa ametulia kupita kiasi. Tulipofika kwenye korido akamwambia mke wake: "Wewe usiingie. Hata kukohoa, usikohoe." Tukakaa kwenye benchi, mimi na wifi, kando ya chombo cha maji ya kunywa. Mlango ukaachwa wazi kidogo. Mkurugenzi akamwekea kaka programu ya duka la dawa waliyoiharibu makusudi, akaketi upande wa pili, akaomba sauti ya kompyuta isikike na kwake.

"Mstari wa kumi na saba," sauti ikasema. "Umeomba 'bei' kutoka kwa 'rafu'. Rafu ina namba na chumba. Haina bei."

Vidole vya kaka vikakimbia. Yalikuwa maneno ya wifi, na aliposikia yakisomwa katika chumba cha watu wengine alifumba macho. Likaja kosa la mabano, likaondoka. Nikaanza kupumua.

"Kosa hapa," sauti ikasema. "Kishale."

Wifi akanishika mkono hadi kucha zikaniingia. "Huu hatukuufikia," akanong'ona. Akainuka, akasimama kwenye uwazi wa mlango, nami nyuma yake. Kutoka pale skrini ilionekana vizuri, na kishale chekundu kimesimama wima, kimeelekea kwenye kasoro. Mimi sikuielewa. Yeye aliielewa mara moja, nilimwona usoni. Neno moja tu lilitosha.

"Mwambie," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

"Mwambie, jamani. Atapoteza kazi."

Akajiziba mdomo kwa kiganja, na wallahi nilimchukia dakika ile. Ndani, kaka alikuwa ameondoa mikono kwenye vitufe. Mkurugenzi akajisogeza kitini kama mtu anayejiandaa kusema pole. Kisha kaka akarudisha mikono. Akaikata nusu nzima ya programu, akabonyeza. Kosa halikusikika. Akarudisha sehemu tu ya ile nusu, akabonyeza. Halikusikika. Akarudisha nyingine. "Kosa hapa." Akakata tena, akarudisha tena, kila mara kipande kidogo zaidi, anamfukuza adui kutoka chumba hadi chumba, mpaka ukabaki mstari mmoja. Akaiambia sauti imsomee herufi kwa herufi. Katikati akaisimamisha, akafuta kitu, akaandika kitu, akabonyeza.

"Programu imekubaliwa," sauti ikasema.

Mkurugenzi alitoka naye hadi mlangoni. "Ile njia ya mwisho nani amekufundisha?"

"Hakuna," kaka akasema. "Nimekwama, nikatafuta."

"Basi Jumatatu tutafute wote. Meza yako imejaa vumbi, nitaagiza ifutwe."

Wifi alikuwa amegeukia chombo cha maji, anajifanya anatafuta glasi, na machozi yanamtiririka. Kaka akamfuata kwa sauti ya pumzi zake.

"Ulikuwa mlangoni," akamwambia. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kaka akautafuta mkono wake, akaupata. "Asante," akasema. Mimi nikaangalia dari, maana nami si wa chuma.

Kisha akauliza choo kiko wapi. Mkurugenzi akanyoosha kidole kuelekea mwisho wa korido, akakitazama hicho kidole, akakishusha. "Kulia kwako," akasema. "Mlango wa tatu." Kaka akaenda, fimbo inagusagusa ukuta. Niliinuka nimfuate, wifi akanivuta gauni, nikakaa.