Mchezo wa kunyamaza gari likija: tulivyomficha ndama wa baba, na bado tunajificha

Wakuu, nawasalimu kutoka Kiplombe. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, lakini haya nimeyaishi na sijayatia chumvi. Hayahitaji.

Siku watoto wangu waliponiomba niwafundishe mchezo wa kujificha, ningepaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo, tena nikicheka.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Miaka ya hamsini baba alikuwa squatter, kibarua anayeishi kwenye shamba la mzungu, upande wa Turbo. Tulimwita Bwana tu. Bwana aliruhusu ng'ombe wachache wa kienyeji, akiogopa wataambukiza magonjwa grade zake, ng'ombe wa kizungu wa maziwa. Baba alikuwa na ndama mmoja wa ziada. Akionekana, ananyang'anywa, na sisi tunafukuzwa siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo ndama aliishi ndani ya nyumba, nyuma ya kitanda cha mama.

Kila mara pickup ya Bwana ilisikika ikipanda kilima. Wa kwanza kuisikia hakusema kitu, aliweka tu chini alichoshika. Mama akiona hivyo anaweka mwiko. Baba anaweka shoka. Boma lote kimya.

Kazi yangu ilikuwa kukimbilia nyuma ya kitanda na kumpa ndama vidole vyangu anyonye, asilie.

Mmewahi kunyonywa vidole na ndama? Ulimi ni msasa, na unatekenya mpaka kwenye mbavu!

Siku moja Bwana akaingia mpaka ndani. Hapo ndama akaamua kukojoa. Wakuu, ndama hakojoi kidogo. Mto ukatoka chini ya kitanda, ukaelekea buti za Bwana.

"Nini hii?"

"Ni mtoto, Bwana," mama akajibu. "Ako mgonjwa."

Bwana akauangalia ule mto unavyozidi kuja.

"Toto yako nakunywa maji mingi sana."

"Ndiyo, Bwana. Nitamkataza."

Mimi huko nyuma nimeuma kola ya shati nisilipuke. Pickup ilipopita miti ya blue gum, baba alianguka chini kwa kicheko. Mama alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Jina likanishika: Toto ya Maji Mingi.

Kitu ambacho hatukucheka ni hiki. Baada ya siku ile nilianza kukojoa kitandani kweli, na nilikuwa tayari mkubwa wa kuchunga ng'ombe. Mama naye aliweka mwiko chini hata trekta ikipita tu barabarani.

Uhuru ukaja, Bwana akauza akaenda kwao. Mimi nikasoma mpaka form four, nikanunua shamba hapa, title deed iko sandukuni. Lakini nikisikia injini, bado nachungulia dirishani kwanza.

Watoto waliipenda hadithi ya ndama kuliko sukari. "Baba, tucheze ile ya Bwana!" Nikakubali. Nikinguruma kama pickup, nyumba nzima inaganda. Wa mwisho kuganda anaosha sufuria. Chebet, kitinda mimba wangu, hakuwahi kuosha.

Mke wangu Rael alinionya. "Unawafundisha kuogopa mtu ambaye alishaenda."

"Ni mchezo tu, Rael."

Haukuwa mchezo. Siku nyingi lori lilipita kweli, nikaweka kikombe chini bila kujua, na wote wakaweka vyao. Hata mbwa aliacha kubweka! Nafikiri nilitaka niwe na wenzangu ndani ya woga wangu.

Chebet akakua, akapata mchumba, mwalimu kutoka Turbo. Wazee wa huyo mwalimu wakapanga kuja kuposa. Mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, tayari, mbuzi jikoni, mimi nimevaa koti na tai. Tuliwatarajia jioni, kwa miguu kutoka stage. Kumbe wameazima pickup ya diesel, wakafika kabla ya chakula cha mchana.

Sikumbuki kuamua chochote. Nilijikuta nimechuchumaa zizini na tai yangu, vidole viko mdomoni mwa ndama. Ndama wangu mwenyewe! Grade! Kwenye shamba langu!

Rael, yule aliyenionya, alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni ameshika kifuniko. Chebet alilala chini nyuma ya kochi na gauni lake jipya.

"Hodi!" wageni wakaita nje.

"Hii boma inatoa moshi na haina watu?"

"Wako. Si kiatu cha mzee hicho nakiona pale zizini?"

"Basi tumekataliwa. Lakini kwetu hata mtu ukimkataa, unamkataa na chai!"

Wakaondoka. Pickup ilipotoka gate, Rael alianza kucheka, nami nikacheka mpaka nikakaa kwenye mavi na suruali ya suti.

Chebet hakucheka.

Nilienda Turbo kuomba msamaha. "Mzee," waliniuliza, "ulikuwa unamficha nani?" Nikaomba msamaha tena, nikaaga. Mwalimu akaoa kwingine. Chebet akahamia Huruma, mtaa wa mjini, akapata mtoto huko, asinipigie simu tena.

Juzi nilikuwa kliniki kwa sababu ya presha. Nurse akanieleza kwamba woga wa utotoni unaweza kubaki kwenye ubongo na mwili, na mtu akawalea wanawe nao bila kujua. Nikamsimulia ya ndama, akacheka mpaka machozi. Kisha akaniuliza, "Mzee, una wajukuu?"

Nikakodi gari, nikapeleka maziwa Huruma. Lilipotulia mlangoni, redio ndani ikazimwa. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini polepole. Sauti ya mtoto ikaanza kuuliza kitu, ikakatwa katikati. Mkono unaoziba mdomo wa mtoto naujua.

"Ni mimi, babu, kugo wako."

Nikaacha maziwa pale mlangoni.

"Hawako?" dereva akauliza.

"Wako."

Wakuu, hadithi za shida wasimulieni watoto, mcheke nao. Msiwafanyishe mazoezi. Nanyi niambieni hapa chini, kwenu nyumba hunyamaza ikisikia nini?

Kwangu ule mchezo ulinigharimu harusi ya binti yangu, na mjukuu ambaye namjua kwa ile sauti moja tu, iliyokatwa.