Jicho la Mama Selotepu

Pale maabara walimwita Mama Selotepu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kubandua. Alichukua fuwele nyeusi, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga, akaibana katikati ya selotepu, akaikunja na kuikunjua. Kila akikunjua, fuwele imegawanyika, nusu huku nusu kule. Mara kumi, mara kumi na tano. Mwishowe aliugandamiza utepe juu ya kigae cha silikoni na kuubandua taratibu, kama anayetoa bandeji kwenye kidonda cha mtu anayempenda. Kilichobaki ni vigamba visivyoonekana kwa macho matupu, na siku ya bahati, kimojawapo kina tabaka moja tu la atomu. Wembamba hauendi mbele ya hapo.

Tabaka moja hutambuliwa kwa rangi. Kwenye hadubini kigae huonekana cha zambarau. Matabaka mawili huacha juu yake kivuli cha buluu. Moja hupita kama pumzi kwenye kioo. Mama Selotepu alijifunzia kazi kwenye hadubini kuukuu ya tundu moja, na hata ilipoletwa mpya ya matundu mawili, aliendelea kufumba jicho la kushoto. Mazoea yana tabu. Akikiona kigamba kinachofaa, aliandika "1" kwenye kifuniko cha kijisanduku, na hapakuwa na wa kupima tena. Mama kasema moja, basi ni moja.

Aliyevipokea vigamba hivyo alikuwa binti anayesomea udaktari wa fizikia. Alivipoza kwa baridi kali, akavimulika kwa leza, akangoja. Kigamba cha tabaka moja kikikubali hurudisha mwanga chembe mojamoja, kama bomba linalodondoka, na kwa chembe hizo walitaka kuunda kompyuta inayopiga hesabu kwa mwanga. Lakini mwezi wa nne sasa, vigamba vilikuwa kiza.

"Mama, na hiki kimekufa," binti alisema Jumatano ile, akikirudisha kijisanduku mezani. "Profesa amenipa mpaka Ijumaa. Kisipowaka kitu anaufunga mradi, mimi naanza upya. Anasema mkono wangu mzito, naviunguza."

"Huenda unaviunguza kweli, mwanangu. Punguza moto." Alisema kwa wema kabisa, kama anayemwelekeza mkwe habari ya chumvi.

Jioni hiyo alimkuta mumewe, fundi rangi, amesimama katikati ya sebule na brashi mkononi. Alikuwa amemaliza ukuta ulioahidiwa tangu mwaka juzi.

"Haya, sema."

Mama Selotepu akakaza uso, akafumba jicho la kushoto. "Pazuri. Ila si ulisema nyeupe? Mbona umepaka chai ya maziwa?"

"Chai!" Mume akacheka mpaka brashi ikadondosha tone sakafuni. "Miaka thelathini napaka nyeupe za watu, hajatokea wa kunifungulia kesi ya chai. Bi mkubwa, kwani unanikonyeza? Fumbua na hilo jingine."

Akafumbua. Kisha akaliziba la kulia kwa kiganja. Ukuta ukawa mweupe pe. Akahamisha kiganja, ukuta ukachakaa palepale, ukawa kama karatasi ya zamani. Alirudia mara tatu, na mume akaacha kucheka.

"Mtoto wa jicho huyo," alisema kwa upole. "Marehemu mama alianza hivihivi. Siku hizi wanamtoa asubuhi, mchana uko nyumbani."

Mama Selotepu alikuwa anafikiria vijisanduku.

Alfajiri, usingizi haujamwisha, njia nyepesi ilimjia: ahamie jicho la kushoto, anyamaze. Siku moja kigamba kizuri kingepatikana, kingewaka, na binti angeambiwa mkono wake umekuwa mwepesi. Ila kigamba kama hicho hutafutwa hata wiki tatu, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Alifika kabla ya wote, akatoa vijisanduku ishirini na vitatu vya miezi minne, akatazama kwa jicho la kushoto. Cha kwanza buluu, ile ambayo jicho la kulia lilikuwa likiimeza yote. Cha pili buluu. Alipofika cha kumi na moja hakuwa tena na haja ya kuendelea, lakini aliendelea hadi cha mwisho.

Profesa na binti waliingia wakiongea. Alisimama.

"Profesa, huyu hajaunguza kitu. Nimekuwa nikimpa matabaka mawilimawili. Jicho langu limeharibika, sikujua."

"Mama, usimbebee mzigo mtoto wa watu."

"Simbebei. Ni wangu. Njoo utazame."

Profesa alitazama kimoja, cha pili, cha tatu, akainua kichwa. "Nikiandika hivi kwenye ripoti," alisema hatimaye, "kiti hiki hukikalii mpaka daktari aseme."

"Andika."

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni. "Miezi minne, Mama. Nilikuwa nalilia chooni."

"Na mimi nakwambia upunguze moto." "Nisamehe, mwanangu."

Binti hakusema amesamehe. Alipewa miezi miwili zaidi, na Jumatatu alikalia kiti cha hadubini. Mama Selotepu alivuta stuli kando yake, akawa anabandua tu, maana mikono haikuwa na mtoto wa jicho. Kufikia saa tano walikuwa wamemaliza vigae sita.

"Hiki je?" binti akauliza.

"Usiniulize mimi. Wewe unaona nini?"

"Sioni kitu. Ngoja... kama ukungu hivi."

"Ukungu wenye ukingo?"

"Upo. Umenyooka."

"Basi andika, halafu kapime. Usiniamini mimi, na wewe mwenyewe usijiamini."

Binti aliandika "1", akakodolea macho, akaongeza alama ya kuuliza, akakibeba kigae kwenda kupima.