Zamu Yangu Siku ya Koito

Wageni walitoka Silibwet wakaja kwetu Mogogosiek kwa koito, mazungumzo ya mahari yangu, wiki ambayo zamu ya kulinda mitambo ilikuwa yangu. Mimi ni mhandisi wa programu katika kampuni kubwa ya teknolojia, na aliye zamu hazimi simu, hata akiwa anaposwa. Mchumba wangu nilimweleza hayo mapema. Alicheka, akasema kwao hakuna shida.

Simu ililia chai ikimiminwa. Wateja walikuwa wanashindwa kufungua akaunti zao. Niliweka kompyuta jikoni juu ya pipa la unga, shangazi zangu wakigeuza chapati na kuninung'unikia. Kosa lilikuwa limeingia na toleo jipya la programu. Nikarudisha lile la zamani, nikangoja mpaka akaunti zikaanza kufunguka. Nilifurahi sana. Kazi hii naipenda, na sioni haya kusema.

Nilipoitwa sebuleni, baba mkubwa wa mchumba wangu ndiye aliyekuwa ameshika usemi.

"Msichana ni mzuri, hatukatai," alisema. "Lakini hii mambo ya kompyuta ataachana nayo akifika kwetu. Bibi ya mtu hawezi kuacha wageni akimbilie simu. Sisi tuko na majani ya kuchuma na ng'ombe ya kukamua."

Wazee wenzake wakaitikia. Nikachemka. Majani chai nimeyachuma tangu utotoni, ng'ombe nawakamua hadi leo, na hakuna siku ambayo kazi hizo zilinizuia kuandika programu.

"Niko na kazi, mzee," nilisema, "na siiachi."

"Hiyo mtaongea na bwana yako."

Nikamgeukia huyo bwana mtarajiwa. Tulikuwa pamoja tangu chuoni, na nilipoajiriwa alinishangilia kuliko ndugu zangu. Sasa alikuwa anatazama kikombe chake. Nilimsubiri, mpaka mama akakohoa. Yeye akachukua kijiko, akakoroga chai.

Kwetu, binti huulizwa mbele ya wote kama anawajua waliokuja. Akikubali, mazungumzo yanaendelea. Akikana, wageni hurudi walikotoka. Baba akaniuliza kwa upole, "Mama, hawa wageni unawajua?"

Yule kijana nilimjua hadi anavyokoroga chai yake. Nilimpenda, na nilikuwa nampenda hata dakika ile.

"Hapana, baba," nikasema. "Siwajui."